Uliniuliza Uchukue Pikapu Gani

Aline, mwanangu,

Leo mchana, baada ya misa, uliniuliza mbele ya watu wote: "Papa, ingekuwa wewe, ungechukua gani?" Funguo mbili zilikuwa juu ya meza ya Mama Sandra, moja ya pikapu ya haibridi, ile ya moteri na batiri pamoja, moja ya pikapu ya kawaida, inayokunywa esansi tu. Watu wakanyamaza. Hata rafiki yangu Faustin alinyamaza, na Faustin kunyamaza ni kama mvua ya mwezi wa saba. Mimi nikaangalia sahani yangu. Nikasema, "Zote ni gari."

Wakacheka wote. Faustin akapiga meza: "Padri amehubiri! Misa imekwisha, muende kwa amani!" Na wewe ulicheka, lakini mimi nakuangalia tangu uko na miaka nane. Najua ukicheka na moyo, na najua ukicheka na meno tu.

Sasa uko Niboye unaaga rafiki zako, mvua iko inanyesha kidogo, na mimi niko hapa kwa meza na kalamu. Nimeamua nitakujibu. Mdomo yangu inakwama, wewe unaijua. Mkono yangu inaenda pole, lakini inafika. Herufi utanisamehe. Mimi nilifika mwaka wa nne ya primeri kule Buyenzi, Bujumbura, na ule mwaka wa nne wenyewe nilikuwa nakaa karibu na dirisha, naangalia magari inapita.

Mambo ya kila siku sitaandika. Pasi, dawa ya malaria, nguo za joto ya Dar, yote wamama wa kanisa wamekuambia mpaka masikio imechoka. Mimi nataka kusema juu ya gari tu. Sababu ile utakayochagua kesho asubuhi ndio itakuwa mkononi mwako mwaka mzima, peke yako. Dar mpaka Rusumo mpakani, Rusumo mpaka magodauni ya Masoro, kubeba vipuri vya mashine za kushona, kurudi tena. Mama Sandra ni tajiri mzuri, bosi wangu na sasa wako, lakini ni mfanyabiashara wa Kabuga. Akishampa mtu gari haibadilishi kila wiki kama nguo.

Nianze na kelele ya leo, sababu katika ile kelele kila mtu alisema kidogo ya ukweli, na mimi nilikuwa nasikiliza.

Faustin alisema: "Umva, sikia nikuambie, Aline. Haibridi ni gari ya watu wa ofisi. Kutoka Kicukiro kwenda mjini, kurudi, kupaki, basi. Njia ndefu inataka moteri, haitaki batiri ya radio."

Mama Sandra akasema: "Faustin, hata simu ya kugusa na kidole uliikataa. Leo unalala nayo."

"Simu haipandi mlima wa Sekenke na mzigo, Mama."

"Na wewe pia haupandi. Inapanda gari, wewe umekaa."

"Haya, ikikufia Nzega? Fundi wa Nzega atafungua boneti, ataona ile waya ya rangi ya machungwa, atafanya alama ya msalaba, atafunga."

"Nzega wako Waislamu wengi."

"Basi atafunga bila msalaba!"

Wewe ulicheka na moyo pale. Kisha ukageuka kwangu na lile swali. Ulifanya vizuri kuniuliza. Katika ile nyumba ni mimi peke yangu nimeendesha zote mbili mpaka Dar. Ndio maana nilisikia haya zaidi. Mtu asiyejua akinyamaza, haina neno. Mimi nilijua.

Aline, unakumbuka siku mwalimu wako aliita wazazi? Ulikuwa primeri ya tatu. Mama yako, dada yangu, alikuwa ametuacha mwaka ule, na mimi nilikuwa kijana wa ndevu tatu. Nikavaa koti ya Faustin, mikono ilifunika vidole. Mwalimu akaniangalia, akasema: "Wewe kaka yake, nenda umuambie baba yenu aje."

Nikasema: "Ndio mimi."

"Ndio wewe nini?"

Nikakwama. Watoto wote wananiangalia. Wewe ukasimama juu ya benchi, ukapiga kelele: "Ni yeye Papa! Anaogopa tu!"

Kutoka siku ile nikawa Papa, na mimi bado najifunza. Lakini ile siku niliona kitu juu yako, nikaiweka. Huyu mtoto akikwama, anaongea.

Niliiona tena Masoro. Ile Jumapili za kujifunza gari, wakati magodauni yamefungwa na njia ni pana, haina mtu, isipokuwa walinzi wamekaa kwa viti vya plastiki. Tulikuwa na pikapu ya esansi. Kila ukitaka kuondoka kwa kile kilima, gari inazima, inarudi nyuma, wewe unapiga feri, breki yote, mimi nashika mlango na kusali. Nilijua unakosea wapi. Nilikuwa natafuta maneno ya kukuambia bila kukuumiza. Wewe haukungoja maneno yangu. Ulishusha kioo, ukamuuliza mlinzi: "Muzee, nakosea wapi?"

Mlinzi akasimama kama amengoja hilo swali tangu asubuhi. "Unaachia mguu mbio, mwanangu. Gari inashtuka."

"Wewe unaendesha?"

"Mimi? Hata baiskeli hapana. Lakini naangalia."

Ukaachia mguu pole, gari ikapanda. Mimi nikaangalia nje, upande ingine, sababu nilikuwa nacheka na nilikuwa na machozi pia.

Sasa, ile ya esansi. Huko Tanzania watasema petroli, utazoea. Mimi naipenda ile gari, nakuambia ukweli. Ni gari inayosema. Ikiwa na kiu unasikia, ikiwa na joto unasikia, ikichoka kwa mlima inakuambia "shusha vitesi, shusha gia, wewe." Siku moja karibu na Igunga nilisikia mkanda wa moteri unalia kidogo, kama panya. Nikasimama kabla haijakatika. Nikabadilisha mimi mwenyewe pale kando ya njia, nikafunga boneti, nikaenda. Sikuongea na mtu. Nilienda Dar na kurudi na kila kitu nilifanya na mikono hii, na nilikuwa najisifu ndani ya roho: ona, sikumuuliza mtu kitu.

Lakini safari ile ile nililala Singida na biskuti. Nilikuwa na njaa ya simba, na niliona haya kuuliza hoteli ya chakula iko wapi. Nikakaa ndani ya gari, nikamaliza paketi, nikanywa maji, nikalala. Asubuhi nikaona hoteli. Ilikuwa nyuma ya ukuta ile nilipaki. Mama mwenye hoteli akaniambia, "Ndo wewe uliyelala kwenye gari? Tulikubakishia wali, tukasema huyu kaka atatoka tu." Aline, wali ilikuwa mita chache kutoka kichwa yangu, na nyama.

Ndio gari ya esansi ilivyo na mtu kama mimi. Inamsaidia kukaa kimya.

Haibridi ilipokuja, mimi nilikuwa upande wa Faustin. Niliikasirikia kwanza sababu haina sauti. Safari ya kwanza, pale Rusumo, foleni ya malori ni ndefu. Nasonga kidogo, nasimama, nasonga. Moteri imelala, batiri ndio inasukuma, baridi ya kiyoyozi inapiga ndani, nikasema hii sasa ni maisha. Nikasahau kama gari iko inawaka. Nikashuka kunyoosha mguu. Gia haikuwa kwa P, ya kusimama, ilikuwa kwa D, ya kwenda. Gari ikaanza kutembea pole pole, bila kelele, kama mbuzi anafuata nyasi, inaenda kubusu lori ya mbele.

Shoferi wa lori, Mtanzania mmoja mnene, akatoa kichwa dirishani: "We mdogo wangu! Gari lako limechoka kukungoja, limeamua kuvuka lenyewe!"

Foleni yote ikacheka. Mimi nilikimbia, nikarukia ndani, nikapiga feri, haikuumia kitu. Lakini nilikaa mle ndani na vioo juu mpaka zamu yetu ikafika. Yule shoferi alikuja kugonga dirisha, akanipa mhogo wa kuchoma, akasema, "Kula, usijali, mimi mwenyewe nilishasahau handibreki, tena lori zima." Kumbe alikuwa anataka kuniliwaza tu, na mimi niliogopa anakuja kugombana.

Basi, ya haibridi ya kwanza ni hiyo. Kimya yake isikudanganye. Kabla ya kufungua mlango, angalia ile taa ya kijani. Ikiwa inawaka, gari iko macho.

Ya pili ni hii kelele ya Faustin, kwamba haibridi ni ya mjini na njia ndefu ni ya esansi. Niliamini mpaka siku niliamua kuangalia njia yenyewe. Watu wakisema njia ndefu, wanaona kwa kichwa njia iliyonyooka, gari inaenda mwendo moja asubuhi mpaka jioni. Njia kama hiyo iko. Ukishatoka Singida kwenda Manyoni kuna mahali unaweza kusahau kama una mguu. Pale, Faustin ana haki. Batiri haina kazi, moteri inavuta peke yake, na inavuta pia uzito wa ile batiri. Hizo gari mbili zinakunywa karibu sawa.

Lakini njia yetu yote haiko vile. Kutoka Kabuga mpaka Rusumo ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Kila ukishuka haibridi inakula feri yako, inaiweka kwa batiri, na kilima inayofuata inakurudishia. Na ukishavuka, kila kijiji kiko na kibao cha hamsini, kila kijiji kiko na matuta, na kila tuta liko na mtu anauza kitu. Unashika feri, unaachia, unashika. Kisha mizani, foleni. Ile njia ndefu iko na mji mdogo ndani yake kila mahali, Aline, kama punje za mahindi. Mimi nimeona mshale wa esansi unavyoshuka katika hizo gari mbili, na pale kwa vijiji haibridi inashinda. Sikumuambia Faustin. Nilipaswa kumuambia.

Sekenke sasa. Pale, heshimu mlima. Mwanzo wa mlima haibridi iko na nguvu kama kijana wa harusi, batiri na moteri wanasukuma pamoja, unapita malori, unajiona mkubwa. Katikati batiri inaisha, na umebaki na moteri ndogo na mzigo mkubwa. Usiwe katikati ya kupita lori wakati hiyo inatokea. Kaa nyuma ya lori, sikiliza muziki, mutafika pamoja. Ile ya esansi haina hiyo tabia. Nguvu uliyoanza nayo chini ndio hiyo uko nayo juu.

Na kwa kupita malori. Gari zetu zote mbili ziko na usukani kushoto, ya huku kwetu. Ukivuka Rusumo, watu wanaenda upande wa kushoto, na wewe umekaa kando ya majani, hauoni mbele ya lori. Unatoka kidogo, unachungulia, unarudi. Ukiona njia ni safi, haibridi inaruka mara moja, haingoji. Ile ya esansi inafikiri kwanza. Hiyo ni kitu moja niliipenda kabisa.

Lakini kosa kubwa ya ule upande haitokei pale daraja ya Rusumo. Pale daraja kila mtu yuko macho, kuna mishale, kuna polisi. Mimi ilinipata mbele ya Nyakahura, asubuhi. Nilikuwa nimekunywa chai na chapati mbili, nimeshiba, nimefurahi, njia haina hata gari moja. Nikaingia barabarani, nikaenda zangu upande wa kulia kama niko Rwamagana. Naimba. Mimi, naimba! Mpaka nikaona basi linakuja mbele yangu na taa zote, na nikajiuliza huyu naye amelewa asubuhi hii? Basi likapita pembeni, nikaona shoferi ananionyesha mkono, si kwa matusi, ananionyesha tu: upande ule, ndugu, ule. Hiyo kosa inatufuata sisi wa huku tukishakula, tukishafurahi, njia ikiwa tupu. Ukiwa na hofu unakumbuka. Ukishiba unarudi nyumbani bila kujua. Kwa hiyo kila ukitoka hotelini, kabla ya kuwasha, sema kwa sauti: kushoto. Mimi nasema. Hiyo ndio neno moja nasema kwa sauti huko, na nimeshazoea.

Sasa nikuambie ile ya ndizi. Hii haukuijua. Wewe ulikula zile ndizi na ukasifu.

Nilikuwa natoka Dar na haibridi. Nyuma iko vipuri, turubai imefungwa, na forodha imeshatia lakiri yao, hakuna mtu anafungua mpaka Masoro. Lakini wewe unajua desturi. Shoferi akipita Kibungo akarudi mikono mitupu, nyumbani wanamuuliza kama alipita angani. Na wewe ulikuwa umeniomba. Nikanunua mkungu mkubwa, ndizi nene kama mkono wa Faustin. Nyuma siwezi kufungua. Nikaulaza ndani, kwa kiti cha nyuma, nikausukuma chini vizuri usianguke, nikafunika na koti yangu usipate jua. Niliufunika kama mtoto.

Yule kijana aliyetuletea ile gari siku ya kwanza alikuwa ameeleza. Alisema chini ya kiti cha nyuma kuna matundu, pale batiri inapumua, isifunikwe. Alisema mbio mbio, nusu Kiingereza. Akauliza, mumeelewa? Mimi nikatikisa kichwa. Sikuwa nimeelewa.

Nimepita Kayonza, jua kali, tunapanda. Kitu nyuma yangu kinaanza kuvuma. Kisha taa, picha ambayo siijui. Kisha nguvu inaenda. Nakanyaga, gari inapanda kama mwanamke mwenye mimba. Nikaweka pembeni. Nikakaa. Ningempigia Mama Sandra, lakini nikaona atasema gari mpya umeiua. Ningempigia Faustin, lakini atacheka mpaka Pasaka. Nikakaa tu, naangalia ile picha, kama ikiona nimeiangalia sana itaona haya iondoke.

Akaja mama mmoja na beseni ya avoka kichwani. Akasimama. "Kijana, unakula jua sababu gani?"

Nikasema, "Napumzika."

"Hapa?"

"Hapa."

"Gari inaumwa?"

Nikaangalia ile picha tena. Yeye hakungoja, akaweka beseni chini, akachungulia nyuma. "Yuu! Mkungu huo ni wa Kibungo? Unauza?" Akafungua mlango yeye mwenyewe, akaondoa koti, akaunyanyua kuupima uzito. "Ma wee! Hapa chini kuna moto kama jiko! Unapika ndizi ndani ya gari?"

Nikashuka, nikaweka mkono. Upepo wa moto unatoka kwa matundu madogo chini ya kiti. Batiri ilikuwa inalia, nipe hewa, na mimi nimeifunika na koti na desturi.

Tukafungua milango yote. Yeye akakaa pale anakula avoka yake, akanikatia nusu, akaniuliza kila kitu. Nina watoto? Mmoja. Mama yake? Ni dada yangu, hayuko tena. Nani anampikia? Mimi. Unajua kupika? Kidogo. Nilijibu yote, Aline. Sijui ilikuwa jua ama avoka. Batiri ikapoa, taa ikazima, gari ikaamka kama haikuwa na kitu. Nikampa chane mbili, na mkungu uliobaki nikauweka kiti cha mbele, nikaufunga mkanda ili usiniangukie.

Pale Kabuga polisi akanisimamisha. Akachungulia. "Na huyu abiria, jina lake nani?"

Nikasema, "Anatoka Kibungo, afande. Anaenda kwa Aline."

Akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Na mimi nikacheka. Ni mara ya kwanza nilimchekesha mtu nisiyemjua. Nilifika nyumbani najiona mrefu.

Sasa jibu. Umesoma mpaka hapa, nisikuzungushe tena.

Ukiniuliza mimi ningechukua gani, ni ile ya esansi. Ukiniuliza wewe uchukue gani, ni haibridi. Hayo ni maswali mawili, na leo mezani yalinikaba pamoja, ndio maana nilisema upuuzi.

Mimi ningechukua esansi sababu naweza kuifungua na kuifunga bila kuongea na mtu. Nilijidanganya miaka mingi kwamba sababu ni moteri, ama milima, ama fundi wa Nzega. Leo wakati munapiga kelele, nilihesabu sababu zangu, nikaona zote zinarudi kwa mdomo yangu. Haibridi inataka mtu ambaye akiona taa asiyoijua, anashusha kioo na kuuliza. Inataka mtu wa kumpigia simu fundi wa Dar, amwambie elezea tena, pole pole, sijaelewa. Inataka mtu wa kumwambia hata rafiki yake: toa begi yako hapo, unaziba hewa ya batiri. Mtu huyo alikuwa juu ya benchi shuleni. Mtu huyo aliuliza mlinzi wa Masoro.

Na sitaki uchukue ile ya esansi sababu umeona mimi naipenda. Hiyo ndio nilikuwa naogopa leo. Nikisema "esansi" mbele ya wote, ungeichukua kwa heshima, na ungekaa mwaka mzima ndani ya woga wangu. Nikisema "haibridi", Faustin angeniuliza sababu, na ningepaswa kusema haya yote na ndizi ndani.

Lakini ukilala, ukiamka, roho yako inaenda kwa ile ya esansi, ichukue. Itakufikisha. Usichague kunifurahisha, na usichague kumkomesha Faustin, hata kama hiyo ni tamu.

Kuna kitu kingine. Kabla ya kuanza hii barua nilimpigia Mama Sandra simu. Ndiyo, mimi.

"Alo?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Papa Aline."

"Papa Aline! Nani amekufa?"

"Hakuna. Nataka kuomba kitu."

Kiti kikalia huko kwake. Kisha akasema, "Ngoja nikae."

Nikamwambia kwetu mtu hatumsindikizi na macho pale mlangoni. Unatembea naye mpaka pale njia inapogawanyika. Na njia yako inagawanyika Rusumo. Kwa hiyo nikaomba, ile pikapu itakayobaki kesho, niichukue siku moja, nikufuate mpaka mpakani, nirudi.

"Utabeba mzigo gani?"

"Hakuna mzigo, Mama."

Nikasikia anacheka pole. "Miaka yote hiyo unanifanyia kazi, haujawahi kuniomba hata chai. Chukua. Na kesho ukiwa na neno lingine, lilete, usilifiche kwa sahani."

Basi kesho tutaenda wawili. Ukiacha ya esansi, utanisikia nyuma yako napanda kila kilima kwa kelele, na wewe uko mbele kimya kama padri wa kweli. Ukiacha haibridi, haunisikii, uangalie kioo. Ukitaka kwenda mbio, nenda, mimi nitakukuta kwa foleni. Kwa chai ya Kibungo tutasimama, na wewe ndio utauliza mahali wanauza mandazi ya moto, mimi nitalipa. Ama hapana. Acha nijaribu kuuliza mimi.

Pale mpakani usinishukie tuagane kwa muda mrefu. Nyuma yako malori yatakuwa yamejaa, na mimi nikianza kulia, wale mashoferi wana midomo. Pita daraja, shika kushoto, kisha piga honi moja. Mimi nitajibu. Nikipiga ndefu sana, usishtuke, na usifikiri gari imeharibika. Ni mimi naongea.

Papa yako